Neno la Mwenye Mshale

Mwaka ule mvua za vuli zilinyesha kama zilivyokuwa zikinyesha zamani, kabla ya ile njaa ya miaka miwili. Mto Tiva, ambao siku nyingi huwa mchanga mtupu, ulishuka maji mekundu ukingo hadi ukingo, na mashamba ya bondeni yakafunikwa na mawele machanga. Watu waliokuwa wamesahau kucheka wakaanza kutaniana njiani. Katika mashamba hayo yote hapakuwa na lililopendeza kama la Maluki na mkewe Kalondu. Nalo ndilo lililokuwa la mwisho upande wa nyika, pale ambapo vichaka huanza na tembo hutokea.

Shamba hilo halikuwa chakula tu. Wakati wa njaa, Musembi, baba yake Kalondu, alikuja kutoka Mutito akamkuta binti yake amebaki mifupa, na mjukuu wake Nthenya analia kwa sauti isiyofika mlangoni. Mzee huyo hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikaa kwenye kigoda, akakataa hata maji, akamwambia mkwewe: "Maluki, sikukupa mwanangu uje umkaushe kama nyama. Nakuachia mavuno mamoja. Ghala likiwa tupu tena, nawachukua wote wawili, na mbuzi wako nitakurudishia." Kwetu mbuzi wa mahari wakisharudi, ndoa imekwisha, wala hakuna baraza litakaloifufua. Basi mume na mke walipokuwa wakipanda mawele yale, kila mmoja alijua kinachopandwa.

Zamani tembo hawakuwa kitu cha kumkosesha mtu usingizi. Maluki alikuwa mwindaji, mtoto wa mwindaji. Upinde wake ulining'inia juu ya kitanda, na mishale yake ilikaa ndani ya podo, imepakwa sumu na kuviringishwa ngozi laini ya paa. Kwenye shingo ya kila mshale palikuwa na alama yake: mikato miwili ya kulala na mmoja wa kusimama. Kila mwanamume wa Tiva ana alama yake, naye huichonga kabla hajautia mshale sumu. Mnyama ni wa mshale uliotangulia kumpata, hata kama mwenyewe yuko nyumbani anakoroma. Kwa sababu hiyo hakuna anayepiga mshale wa mwenzake bila neno la mwenyewe, litoke kinywani mwake. Mshale usio na alama ni wa mwizi, na hakuna ukoo unaojisifia mwizi.

Kisha serikali ikamleta Bwana Nyama. Huyo alikuwa Mzungu mrefu mwenye miguu myembamba, aliyepewa kazi ya kuwatunza wanyama kana kwamba wanyama walikuwa wamekwenda kushtaki. Akapiga marufuku mitego, mashimo, sumu na mishale. Mzungu mwenye kibali aliweza kuja na bunduki, akamwangusha tembo, akapigwa picha amemkalia kichwani. Mkamba aliyemuua tembo huyo huyo ndani ya mawele yake alikwenda gerezani kuvunja kokoto.

"Tembo ana serikali," alikuwa akisema Syombua, mama yake Maluki, mwanamke aliyekuwa na ulimi mkali na moyo laini. "Mimi nina nani?"

Mawele yalipofika magotini, Chifu Ndeti aliita baraza. Ndeti alikuwa hodari wa kupaka dawa chungu asali, na siku hiyo alianza na dawa.

"Sikilizeni vizuri, kisha msiniambie hamkusikia. Kila upinde na kila mshale uletwe hapa kabla mwezi haujaandama. Bwana Nyama mwenyewe atakuwepo. Atakayekutwa ameficha, nisione ukoo wake unakuja kunililia."

Watu wakanung'unika. Ngui, jirani yake Maluki na mwenzake wa kuwinda tangu ujana, akasimama bila kuitwa.

"Na tembo wakija, Chifu, tuwaimbie?"

Baraza likaangua kicheko. Chifu hakucheka. "Wakija mtamwita Bwana Nyama aje awapige."

"Bwana Nyama anakaa wapi?"

"Ngui, usinichokoze. Unajua anakokaa."

"Mimi najua. Nauliza kama tembo nao wanajua, ili wamngoje."

Chifu akaona mambo yanamwendea kombo, akatoa asali haraka. Alisema kwamba huko Ulaya kuna vita, na serikali inatafuta vijana wa kujifunza uaskari kwa hiari. Hawatavushwa bahari. Watafundishwa kambini, karibu na boma, kisha watarudi kwao. "Na kila atakayemaliza," akainua kidole, "atapewa bunduki. Itakaa nyumbani kwake, ilinde mji wake na shamba lake, na hakuna Bwana Nyama atakayemuuliza kitu." Hayo ya mwisho hakutumwa na mtu. Aliyaongeza mwenyewe, kwa sababu alikuwa ametakiwa kupeleka vijana na mpaka saa hiyo hakuwa amempata hata mmoja.

Maluki aliyameza maneno yale mazima mazima. Alitembea kurudi nyumbani kama mtu aliyeachiwa urithi, akamkuta Kalondu anapalilia, akamweleza yote bila kuvuta pumzi.

"Kwa hiyo shauri umeshalikata peke yako, Baba Nthenya," Kalondu alisema, jembe likiwa bado mkononi.

"Nimelikata kwa ajili yenu. Hebu fikiri. Mawele yakikomaa tembo watakuja. Nikiwa na upinde, nafungwa. Nikiwa mikono mitupu, wanakula. Lakini nikiwa na bunduki ya serikali, nawapiga mchana kweupe na Chifu ananipigia makofi."

"Na wakija kabla hujarudi?"

"Hawaji kabla mawele hayajakomaa. Mimi nitakuwa nimeshafika."

"Wamekuahidi?"

"Nani?"

"Hao tembo."

Maluki akacheka, akijaribu kumchekesha na mkewe, lakini Kalondu hakuwa na kicheko. "Basi angalau acha upinde," alimwambia. "Umwachie Ngui neno lako. Likitokea la kutokea, yupo hapa hapa."

"Mtu anayejitolea kuwa askari hafichi upinde nyumbani. Wakiuona nafukuzwa, na bunduki naikosa."

"Bunduki, bunduki! Mtoto hajazaliwa, umeshampa jina."

Syombua, aliyekuwa akichambua kunde kivulini, akaingia kati bila kuinua macho. "Mwanangu, baba yako aliwinda mpaka meno yakamtoka, na sikumwona akitoa kilicho mkononi kwa kitu alichosimuliwa."

"Mama, zama zimebadilika."

"Na tembo je, wamebadilika?"

Maluki alikuwa ameshapiga moyo konde. Siku ya kukabidhi silaha alishusha upinde wake, akalipakata podo kwa muda mrefu mapajani. Lilikuwa limepungua uzito. Akamtazama mkewe, mkewe akatazama pembeni, wala Maluki hakuuliza. Mbele ya Chifu kila mwanamume alitupa mishale yake chini, na karani wa Bwana Nyama akawa anauliza alama hii ya nani, na hii ya nani. Watu wa Tiva hawakuzoea kukana alama zao. Walijibu kwa sauti kubwa, wengine kwa majivuno, hata Bwana Nyama akaondoka akizijua alama zetu kama anavyojua vidole vyake.

Kalondu alimsindikiza mumewe mpaka kwenye kivuko cha Tiva. Mchanga ulikuwa bado umelowa. Maluki alimbeba Nthenya juu ya mabega, akamshusha, akambeba tena, akachelewa kwa kila kisingizio kilichompitia kichwani. Mwishowe alikwenda, na Kalondu akabaki amesimama mpaka shati lake likawa halitofautiki na vichaka.

Kumkosa mtu aliyekufa kuna mwisho, maana hata machozi hukauka. Kumkosa mtu aliye hai ni kazi ya kila siku. Kalondu aliamka akisikiliza kikohozi cha asubuhi cha mumewe, asikisikie. Alipika ngima, ugali wa kwetu, nyingi kupita kiasi, kisha akalazimika kumpa mbwa. Akipita njiani na kuona mtu wa mbele anatembea akiburuta kisigino cha kushoto, moyo ulimwenda mbio, akaharakisha, akakuta ni mgeni. Jioni alikwenda kukaa mwisho wa shamba, akayaeleza mawele mambo ya siku ile, na Syombua akajifanya hasikii.

Tembo hawakungoja mawele yakomae. Masuke yalipoanza kutia maziwa tu, dume moja lilitokea vichakani jua likiwa bado linaonekana, likasimama ukingoni mwa shamba, likala kama mgeni aliyekaribishwa. Kalondu na Syombua walipiga madebe. Ngui na wanawe walikuja mbio na vijinga vya moto. Dume lile likawatazama, likachuma tena, ndipo likaondoka taratibu. Kila mtu aliyelelewa Tiva alijua maana yake. Lile lilikuwa limekuja kuonja, na likionja litawaleta wenzake.

Kalondu alikwenda kwa Chifu siku iliyofuata. Chifu akatuma mtu kwa Bwana Nyama, naye mtu huyo akarudi na jibu kwamba Bwana Nyama amevuka mto Athi, anawaongoza wageni wenye vibali wanaotaka kuua tembo.

"Si waje wawaulie hapa!" Kalondu alisema. "Hapa wapo, tena wanakuja wenyewe."

"Mama Nthenya," alijibu Chifu, "serikali haifuati tembo, tembo ndiye anayefuatwa na kibali." Hata yeye mwenyewe alionekana hakuelewa alichosema.

Hapo ndipo Kalondu alipopanda ghalani, akaingiza mkono chini ya nyasi za kuezekea, akatoa kitu kilichoviringishwa ngozi ya paa. Alikipeleka kwa Ngui chini ya kanga. Ngui naye hakuwa malaika. Alikuwa amempa Chifu upinde uliovunjika, na ule mzima ameuficha ndani ya mzinga wa nyuki mtupu juu ya mgunga. "Upinde wangu umekuwa nyuki," alikuwa akiwaambia aliowaamini. Sumu ndiyo hakuwa nayo, kwa maana wachuuzi wa sumu waliacha kupita tangu marufuku ilipotolewa.

Ngui aliifungua ngozi, akaona mishale mitatu, akanusa sumu. Uso ukamchangamka. "Bado mbichi. Hii inamlaza dume kabla hajafika mtoni." Kisha kidole chake kikafika kwenye shingo ya mshale, kikasita. Akaiviringisha ngozi polepole, akamrudishia.

"Siwezi, mke wa ndugu yangu."

"Unaogopa gereza?"

"Gereza naliogopa kama kila mtu mwenye mgongo. Lakini si hilo. Mshale huu una mwenyewe. Tembo akianguka nao, ni tembo wa Maluki, na kosa ni la Maluki. Bwana Nyama anazijua alama. Nimtie ndugu yangu ndani kwa mkono wangu, naye hajui?"

"Basi ifute. Chukua kisu uikwangue."

Ngui akamtazama kana kwamba amemwomba achimbe kaburi la mtu anayepumua. "Nifute alama ya mtu aliye hai? Kalondu, hata ukiwa na njaa usiseme hivyo." Kisha akalainika. "Nenda kambini. Lete neno lake. Akisema nipige, napiga siku hiyo hiyo, na huko gerezani tutakwenda wote wawili, tukapigiane hadithi."

Kalondu alimwacha Nthenya kwa bibi yake, akashika njia. Alilala kwa shangazi yake huko katikati, akaamkia safari, akafika kambini nyayo zikiwa zimevimba. Kambi ilikuwa uwanja uliosawazishwa na kuzungushiwa seng'enge, na nje ya seng'enge walisimama wanawake wengine kadhaa, kila mmoja akitafuta wake kwa macho. Wanaume walikuwa wamepangwa mistari, wamenyolewa vichwa, wamevaa kaptula za kaki zinazofanana. Kalondu aliwatazama wote asimwone mumewe. Hofu ikamshika kwamba labda alishasahau sura yake. Kisha mstari mmoja ukageuka, na mtu mmoja akaburuta kisigino cha kushoto.

"Kushoto! Kulia! Kushoto!" alifoka sajini. "Wewe wa Tiva! Hiyo ni bunduki, si jembe! Inua!"

Maluki akaiinua. Kalondu akatazama vizuri, akadhani jua linamchezea. Kilichokuwa begani mwa mumewe kilikuwa kipande cha mti, kimechongwa kitako upande mmoja. Mistari yote ilikuwa imebeba vijiti vya aina hiyo. Kalondu alitaka kucheka, akataka kulia, mwishowe akafanya yote mawili.

Wanawake hawakuruhusiwa kuingia, lakini wakati wa mapumziko sajini aligeuka akanywa chai yake kwa makusudi upande wa pili, akawaachia seng'enge. Maluki alikuja mbio.

"Kalondu! Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Tembo wamekuja."

"Wamekula?"

"Dume moja, pembeni tu. Wenzake wako njiani, unajua." Akashusha sauti. "Nimekuja kuchukua neno lako. Ngui anangoja."

Maluki akasogea karibu na seng'enge. "Uliificha mishale."

"Niliificha. Na wewe ulijua."

"Nilijua," alisema, na kwa kitambo kidogo akawa Maluki wa Tiva, macho yakacheka. Kisha akatazama nyuma, kule kwenye uwanja. "Kalondu, tembo akikutwa na alama yangu, natolewa hapa moja kwa moja hadi gerezani. Tumebakiza kidogo mno. Mwezi huu ukifa na mwingine ukiandama, niko nyumbani na bunduki begani."

"Bunduki gani? Hiyo ya mti?"

"Hii ni ya kujifunzia! Za kweli ziko stoo. Tumeonyeshwa. Zinang'aa wewe, unajiona uso."

"Sikutembea mpaka hapa kuuliza zinang'aa vipi." Akapenyeza vidole kwenye seng'enge, na Maluki akavishika. "Baba yangu aliacha mavuno mamoja. Hujasahau?"

"Nitasahauje?"

"Basi mimi sitaki kwenda Mutito. Sikiliza, nikuambie kitu ambacho sijakuambia tangu unioe. Nakukosa mpaka naongea na mawele. Nataka nizeeke pale pale, unisumbue, nikusumbue. Bunduki sikukuomba mimi. Sema tu, 'Ngui apige.' Ni neno hilo tu."

Maluki alifumba macho. Neno lilimjia mpaka kwenye ulimi. Lakini nyuma yake ile stoo ilikuwa inaonekana, na mlango wake wa chuma, na kila alichokuwa amevumilia tangu alipoinama mbele ya Chifu.

"Ngoja kidogo," alisema. "Pigeni madebe, washeni moto. Ngoja kidogo tu, Mama Nthenya."

Filimbi ikalia. Aliviachia vidole vyake kimoja kimoja, akakimbilia mstarini.

Njiani kurudi, Kalondu angeweza kubuni. Hakuna mtu wa Tiva aliyekuwa shahidi pale kwenye seng'enge, na Ngui angemwamini bila kupepesa macho. Aliliwaza jambo hilo kilima hadi kilima. Lakini mume aliye kambini ana siku ya kurudi, na mume aliye gerezani hajulikani atarudi na mgongo gani. Alimpenda mno kiasi cha kushindwa kumsingizia neno asilolisema. Ngui alipomlaki na kumuuliza, "Kasemaje?" alijibu, "Kasema tungoje." Ngui akatikisa kichwa, akaenda kuchoma majani makavu yatoe moshi.

Walikuja alfajiri, kundi zima, majike na watoto wao na lile dume nyuma. Madebe yalilia mpaka mikono ikachubuka. Syombua aliwatukana kwa majina ya mababu zao. Ngui alirusha vijinga hadi akabaki na majivu. Tembo hawakukasirika hata kidogo, wala hawakumgusa mtu. Walikula tu, wakang'oa, wakakanyaga, na watoto wao wakagaagaa kwenye masuke yaliyokuwa yakikaribia kukomaa. Jua lilipochomoza waliondoka. Siku iliyofuata walirudi kumalizia. Kalondu hakulia mbele yao. Alikaa chini mwisho wa shamba, mahali pake pa jioni, na hapakuwa tena na kitu cha kuongea nacho.

Huko kambini mafunzo yalifikia ukingoni. Siku ya mwisho bunduki za kweli zilitolewa, kila mmoja akafyatua risasi kidogo mbele ya wakubwa, Maluki akapiga shabaha katikati, akapigiwa makofi. Kisha wakaamriwa wazirudishe. Mlango wa chuma ukafungwa, wakagawiwa kofia za kaki na beji za shaba.

Maluki alimfuata sajini. "Afande, bunduki yangu nitaichukua saa ngapi?"

"Bunduki yako?"

"Ya kwenda nayo nyumbani. Ya tembo."

Sajini alimtazama kwa huruma, na huruma ya sajini haikuwa kitu cha kuonekana mara nyingi. "Nani kakwambia?"

"Chifu Ndeti."

"Basi kamwombe Chifu Ndeti akupe ya kwake. Hizi ni za vita. Vita vikifika tutakuita. Tembo ni wa Bwana Nyama, na huyo ana sheria zake na vibali vyake. Nenda nyumbani, kijana. Umejifunza vizuri."

Maluki alitembea siku mbili akipanga namna atakavyomweleza mkewe. Alijiandaa kutaniwa. Alijua Kalondu atasema, "Ile iliyong'aa iko wapi?" na hata hilo alilitamani, maana alitamani kusikia sauti yake hata kama inamcheka. Alipoteremka kwenye kivuko aliliona shamba. Mabua yalikuwa yamelazwa na kukauka, na kinyesi cha tembo kimekauka juu yake. Alisimama pale muda mrefu. Kisha akajipa moyo kwamba mawele hupandwa tena, atakwenda Mutito kumpigia Musembi magoti, atalima vibarua.

Akasikia mbuzi. Zizi lake, lililokuwa tupu tangu njaa, lilikuwa na mbuzi wanaolia, tena wengi. Maluki alikimbia. Kalondu amefanya maarifa, alijisemea. Labda ameuza asali, labda ukoo wake umewasaidia. Alifika uani akiita, "Mama Nthenya! Mama Nthenya, nimerudi!"

Aliyetoka ni mama yake.

"Mama, mbuzi hawa wametoka wapi?"

"Waangalie masikio," alisema Syombua.

Maluki aliingia zizini, akamshika mmoja, akamgeuza sikio. Lilikuwa limekatwa pembe ya nje na kupasuliwa nyuma, mkato wa marehemu baba yake. Akamshika wa pili. Akamshika wa tatu. Wadogo, waliozaliwa Mutito, walikuwa hawana alama, lakini mama zao aliwakumbuka kwa rangi, kwa sababu ni yeye aliyewaswaga kwenda kuoa, akiimba njia nzima. Kofia ya kaki ikamdondoka kwenye samadi.

"Musembi alikuja mwenyewe," mama yake alimwambia kutoka nje ya zizi. Ulimi wake ulikuwa umepoteza ukali wote. "Hakugomba. Alilitazama shamba, akalitazama ghala, akamwambia binti yake afunge mzigo."

"Na Kalondu hakukataa?"

"Alikataa mpaka mtoto alipoomba chakula. Alikwenda akigeuka, mwanangu. Kila kilima akikipanda anageuka. Mwishowe Ngui akanishika mkono akasema, 'Mama, tuingie ndani, maana tukisimama hapa yule hataacha kugeuka.' Tukaingia ndani."

"Sikulaumu kwa kwenda," Syombua aliendelea. "Nataka tu nijue. Alipokuja kwako akakuomba neno moja, na tembo wako mlangoni kwangu, wewe ulikuwa unafanya nini huko?"

"Nilikuwa najifunza kuwafukuza, Mama."

Syombua aliingia zizini. Aliokota kofia ile, akaipangusa kwa kanga yake, akamwekea juu ya ukingo wa zizi, akaingia nyumbani kukoka moto. Maluki alibaki katikati ya mbuzi wake, wote wakilia wakitaka kurudi Mutito, naye akilia pamoja nao bila aibu. Mkono wake alikuwa ameufundisha kulenga mbali sana, na mke aliyempenda alikuwa ametoka kupitia mlango wake mwenyewe. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka.